Mpunga Uliovuka Mpaka Bila Mimi

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya mpunga unaomiminwa juu ya turubai. Si kelele kubwa. Ni kama mvua inayoanza kwenye migomba, shaaa, halafu kimya. Nilikuwa nimeshafika karibu kabisa, mdomo umefunguka niseme "subiri," na mpunga ukawa umekwisha kumiminwa. Ulikuwa wangu.

Lakini nikianzia hapo hamtanielewa. Tangu nimerudi, nyie wenzangu wa kwaya mnanisimamisha kila mahali, mashineni, kisimani, hata juzi msibani mtu kaninong'oneza, "Tusekile, ilikuwaje huko kwenu milimani?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika yote hapa, msomeane. Shule yangu mnaijua ilipoishia, kwa hiyo mnivumilie.

Habari iliyonitoa huku Kamsamba aliileta yule mama wa Ileje anayekuja kununua mchele. Alisema mvua za mwaka huu zilikata mlima kwetu, udongo ukashuka na shamba la maharage la mama pamoja na mibuni yote aliyoiacha baba. Mama mwenyewe hakuguswa. Ila tangu siku hiyo alikuwa hatoki. Sare yake ya kwaya aliifua, akaikunja, akamrudishia mwalimu wa kwaya. Na amesema sikukuu ya mavuno haendi, hana cha kupeleka.

Hapa kwetu bondeni mavuno tunaweka mezani kila mtu anavyofika, basi. Kule milimani kila nyumba inaitwa kwa jina. Mnasimama, kapu linatwishwa kichwani, mnapita katikati ya kanisa mkiimba mpaka mbele. Baadaye vitu vinanadiwa nje uwanjani. Asiye na kitu hafukuzwi. Lakini jina likiitwa na hukusimama, vichwa vyote vinageuka.

Mama yangu ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo pale kanisani. Baba alipofariki, mama aliimba makaburini, wengine wakiwa wameshindwa. Kwa hiyo niliposikia amerudisha sare, nilijua hili limempiga kuliko msiba.

Nikachukua mpunga wa jaruba langu, lile shangazi wa huku alilonipa nilime mwenyewe kwa mara ya kwanza, nikajaza kiroba. Nilitaka nifike kabla ya Jumapili ya mavuno, nimtwishe mama kichwani, na nimwambie kila punje iliyomo nimeipanda kwa mkono huu. Njiani nilikuwa nimeshaliona lote: mama kavaa sare, jina letu linaitwa, yeye anaanza wimbo. Mnanijua kwa kuota.

Kamsamba hadi kwenye tope

Niliondoka na lori la mchele, nimekaa juu ya magunia na abiria wengine. Kabla hatujaanza kupanda mlima, lori likazama kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Dereva akashuka, akatazama matairi, akalala chini ya mti akajifunika kofia.

Tulisukuma, tukakata matawi, tukachimba. Lori likazidi kukaa kama kuku anayeatamia. Wakati wa kupunguza mzigo mtu alivuta kiroba changu, kikanasa kwenye msumari, kikachanika ubavuni.

Jirani na barabara palikuwa na boma la Wasukuma wenye ng'ombe. Mwenye boma alikuja na maksai wake, akafunga minyororo, akaanza kuwasemesha ng'ombe kwa sauti ya upole kana kwamba ni wakwe zake. Sisi wanawake mke wake, Mama Masanja, alituita kivulini akatupa ugali wa mtama, mlenda na maziwa ya mgando. Sikuwa nimewahi kula mlenda na maziwa pamoja. Nilikula mpaka nikaona haya.

Akawa ananitazama mimi, anatazama kiroba, ananitazama tena.

"Binti," akasema, "huyo mume unayemkimbia alikuwa anapiga, au ni mlevi tu?"

"Sina mume, mama. Nampelekea mama yangu mavuno kanisani."

"Wote wanasema hivyo. Mwaka juzi mmoja alipita hapa na sufuria, akasema anaipeleka kwa fundi. Kumbe kahama."

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamweleza yote, mpaka habari ya sare. Akaacha kucheka. Akaingia ndani akatoka na shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na uzi mwekundu wa katani, akaushona ule mchano mwenyewe, mshono mnene uliokwenda upande kama nyayo za kuku.

"Sisi ni Waislamu," akasema akikata uzi kwa meno, "ila mama ni mama. Mwambie ametoka salama yeye, hilo ni kubwa. Ng'ombe wetu waliisha kwa ugonjwa tulikotoka, tukakaa chini, tukasimama."

Maksai waliling'oa lori jua likiwa limeinama. Dereva aliamka, akapiga honi, akasema, "Mmeona? Mimi nilijua litatoka."

Itaka hadi Vwawa

Itaka tulilala nyumba ya mwinjilisti, abiria wote kwenye mkeka mmoja. Huko ni baridi, mahindi bado mabichi shambani wakati kwetu tumeshavuna. Mke wa mwinjilisti alituchemshia viazi, tukala na chumvi. Aliomba kabla ya kula, akaomba tena baada ya kula, na katikati akaombea gari.

Asubuhi nikapata gari dogo kwenda Mlowo na mpaka Vwawa. Nilikaa kati ya mama mnene mwenye kikapu cha vitunguu na mzee mmoja aliyevaa koti na tai. Mzee alikuwa mzungumzaji. Akaniuliza ninakwenda wapi, na mimi, mnanijua, nikasema kila kitu.

Akatikisa kichwa. "Binti yangu, Mungu hamnyang'anyi mtu bure. Mwambie mama yako achunguze maisha yake. Kuna mahali ameteleza."

Nilimfikiria mama anavyoamka alfajiri kuomba kabla ya kuwasha moto, nikawa natafuta hapo alipoteleza, na machozi yakaanza kunijia kwa kumtafutia kosa mama yangu mwenyewe.

Mama wa vitunguu alikuwa ameyasikia yote. Sasa akageuka.

"Mzee, samahani. Hilo koti lako kwapani limechanika."

Mzee akaangalia. "Ndiyo, ni la siku nyingi."

"Ulimkosea nani?"

Gari zima likacheka, konda akapiga bati. Mzee naye, sifa nimpe, akacheka mwisho kabisa, taratibu, akafunga koti lake vizuri. Aliposhuka Vwawa akaniambia, "Mwambie mama yako nimemsalimu tu." Nikamwambia nitamwambia.

Tunduma

Ningeshuka Mpemba ndipo barabara ya Ileje inapoanzia, lakini kila mtu aliniambia magari ya Isongole yanajazia Tunduma. Ukingoja Mpemba yanakupita yamejaa. Nikaenda hadi Tunduma.

Ilikuwa Ijumaa. Malori yamejipanga barabara nzima kungoja kuvuka, watu wanapita katikati yake na mabeseni ya mayai, mikate, vitenge. Ukiuliza bei unajibiwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza kwa pamoja. Kiroba kilikuwa kimenichosha shingo, nikamwita baba mmoja wa mkokoteni, mtu mzima mwenye ndevu za mvi.

"Baba, nibebee huu mpunga."

"Wa wapi?"

"Kamsamba."

"Haya, najua," akasema.

Hakuuliza kingine. Nikamwambia aningoje nichukue maandazi, nina njaa. Mwenye maandazi alikuwa anakaanga, nikangoja yaive. Nilipogeuka, baba, mkokoteni na kiroba havipo.

Nilidhani nimeibiwa. Nikakimbia huku, nikakimbia kule, maandazi mkononi yananiunguza. Mwishowe mwanamke anayeuza vocha na pipi akaniuliza ninatafuta nini, nikamwambia. Hakushtuka hata kidogo.

"Ulimwambia ni mpunga wa Kamsamba?"

"Ndiyo."

"Basi umeshavuka. Mpunga wa Kamsamba hapa unakwenda sehemu moja tu, kwa Bana Mutale, ng'ambo Zambia. Yule baba hajaiba. Amefanya kazi yake."

Ndiyo utaratibu wao. Mwenye mkokoteni haulizi mwenye mzigo anataka nini, anauliza mzigo umetoka wapi. Mahindi ya Mbozi yana njia yake, maharage yana njia yake, mpunga wetu una njia yake, na malipo yake anayapata kwa anayepokea. Mtu wa kubeba mpunga wa Kamsamba kuupeleka milimani Ileje kanisani, yule baba hakuwahi kumwona tangu aanze kazi.

Ng'ambo

Pale mpakani ukiwa kwa miguu ni kama kuvuka kutoka ua hadi ua. Nilipita uchochoroni na akina mama wengine, nikafuata maelekezo, na hapo ndipo nilipoisikia ile sauti. Shaaa.

Bana Mutale, yaani mama yake Mutale, alikuwa mwanamke mrefu, kitenge kiunoni, amesimama juu ya mlima wa mpunga kwenye turubai. Kiroba changu alikishika mkononi kitupu, na ule mshono mwekundu unaonekana.

"Mulishani, mayo," nikamsalimu kwa Kibemba kile kidogo ninachojua, halafu nikaanza kulia.

Nilipoeleza, akamtazama baba wa mkokoteni. Baba wa mkokoteni akatazama gurudumu lake.

"Mupunga hauna sura, mwanangu," akasema Bana Mutale. "Umeshaingia humo. Utamtambua nani? Nikulipe hela yako, bei nzuri, uende."

"Sitaki hela, mama. Mavuno hayapelekwi hela. Nilitoka na mpunga wa mkono wangu."

"Sasa mkono wako uko wapi humu? Nionyeshe."

Nilipiga magoti pale kwenye turubai nikachota. Nawaambia ukweli, nilidhani nitaujua. Ulikuwa mpunga wa kila aina, mrefu, mfupi, wenye wekundu kidogo, wa watu wa Kamsamba na wa Usangu na wa wapi sijui. Nikaomba palepale, sala fupi ya mtu aliyekasirika: Bwana, Wewe unaujua ulipo, mimi siujui. Sikusikia jibu lolote. Niliona tu kwamba Bana Mutale naye amepiga magoti upande wa pili, anachota kwa bakuli anatia ndani ya kiroba changu.

"Hata sisi tuna mavuno," akasema. "Mwaka ule mtoto wangu mkubwa alipofariki nilikaa nyumbani. Waliniita jina, sikuwepo. Nilisikia baadaye." Akazidi kuchota, mpaka kiroba kikafika pale kilipokuwa, kikapita. "Huu si wako. Umwambie mama yako ukweli, si wako. Lakini aende."

Baba wa mkokoteni alinirudisha hadi stendi bila kutaka malipo, na njia nzima alikuwa anajieleza. "Mimi mwanangu, na huu mkokoteni, tunajua njia zetu. Ukimwambia leo 'Ileje,' hausikii." Nikampa andazi moja. Akala akisukuma.

Isongole na mlima

Magari ya siku ile yalikuwa yameondoka. Jumamosi lilipatikana moja, likaharibika njiani, tukafika Isongole jioni. Nililala kwa mama muuza chai, hana maneno mengi, na Jumapili mapema nikajitwika kiroba changu na kuanza kupanda.

Hii sehemu ndiyo sikuwasimulia wengi wenu. Nilipanda nikiwa sina furaha. Mpunga kichwani ulikuwa mzito kuliko ule niliotoka nao, na haukuwa na lile neno nililotaka kumwambia mama. Nilijaribu kuimba, pumzi ikakata. Nilijaribu kuomba, nikajikuta namlaumu mwenye maandazi. Mwishowe nilihesabu walionishika mkono njiani, Mama Masanja na sindano yake, mke wa mwinjilisti, mama wa vitunguu, Bana Mutale, hata yule baba. Sikufanya kwa utakatifu, nilifanya ili nisisikie shingo. Lakini nilipokuwa nakumbuka lile swali la "ulimkosea nani," nilijikuta nacheka peke yangu pale mlimani, mpaka mbuzi wakanitazama. Na furaha ikawa imerudi, imekaa tu, kama mtu aliyeingia jikoni bila kubisha hodi.

Karibu na kijiji nikasikia kanisa linaimba. Ibada ilikuwa imeanza. Sikuingia, nikapitiliza hadi nyumbani.

Nyumbani

Mama alikuwa ameinama kwenye kile kidonda cha mlima palipokuwa na shamba, anaokota mawe anayapanga pembeni. Siku ya Jumapili. Amevaa gauni la shamba. Nilimwita, akanyoosha mgongo, akanitazama muda mrefu kana kwamba nimetoka ardhini.

"Umekuja na nini kichwani?"

"Mpunga, mama. Wa mavuno."

Uso wake ukajikunja. "Nilisema siendi, mwanangu. Msinilazimishe. Sina ugomvi na Mungu, naongea naye kila siku hapahapa kwenye mawe. Nina aibu tu. Nisimame mbele za watu na mpunga wa jasho lako, mimi mama yako mikono mitupu? Hapana."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema lile neno nililotoka nalo Kamsamba. Sikuwa nalo.

"Hata si wa jasho langu," nikasema. "Wangu ulikwenda Zambia."

"Ulikwenda wapi?"

Nikamweleza. Nikamweleza maandazi, mkokoteni, turubai. Nilipofika kwa yule baba aliyesema mkokoteni wake hausikii neno Ileje, mama akaketi juu ya jiwe. Nikadhani analia, mabega yalikuwa yanatikisika. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akanyamaza, akasema, "Mpunga ukavuka mpaka ukakuacha wewe na maandazi," akaanza upya. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba yupo.

Alipomaliza alifuta macho kwa mikono yenye udongo. Akafungua kiroba, akachota, akaangalia zile punje ndefu na fupi na nyekundu.

"Kwa hiyo huu ni wa nani?"

"Sijui, mama. Wa watu. Bana Mutale amesema nikuambie ukweli, si wangu, lakini uende."

Alikaa na ule mpunga kiganjani. Kule chini kanisa liliimba wimbo likamaliza. Mama akasema taratibu, kama anayezungumza na mtu mwingine, "Haya. Kama ni wa kupewa, nitapeleka wa kupewa." Akanawa mikono na uso, akachukua kapu, akaumimina humo. Gauni hakubadilisha.

Majina yalikuwa yameshaitwa, watu wako nje kwenye mnada. Mzee wa kanisa alikuwa ananadi jogoo anayempiga kwa mabawa. Alipomwona mama na kapu kichwani alimwachia jogoo, jogoo akakimbia, watoto wakamfukuza.

"Mama Tusekile," mzee akasema, "mpunga huo umelima wapi? Kwenye mawe?"

Mama akatua kapu.

"Sikulima. Mwaka huu sikulima kitu, mmeona wote. Huu nimepewa na watu nisiowajua, mpaka ng'ambo ya mpaka. Nimekuja kushukuru kwa niliyopewa."

Halafu mama mwenyewe akashindwa kujizuia, akaanza kusimulia habari ya mkokoteni, na uwanja wote ukavunjika. Mzee akapokea kapu, akaunadi "mpunga mtoro." Aliyeununua aliurudisha, ukanadiwa tena, akanunua mwingine, naye akaurudisha. Katikati ya vicheko mama akaanzisha wimbo. Aliuanza chini mno, sauti imeshika kutu, ikakatika mara mbili. Wanawake walimfuata hukohuko chini alikokuwa, hakuna aliyeupandisha.

Nilikaa siku kadhaa, kisha nikarudi kwa njia ileile, bila vituko. Mama bado anaokota mawe. Shamba halijarudi na mibuni haitarudi. Mnaoniuliza kama matatizo yamekwisha, jibu ni hapana.

Ila nimalizie siku ile ya Jumapili. Wimbo ulipokolea niliingia kanisani peke yangu. Hamkuwa na mtu. Sakafuni palijaa maganda ya maharage, majani ya migomba, manyoya na mavi ya kuku, punje zilizomwagika. Nikachukua ufagio nyuma ya mlango, nikafunga madirisha ya upande wa upepo vumbi lisirudi, ya upande wa uwanjani nikayaacha wazi. Nikafagia polepole, kutoka mbele hadi mlangoni, nikisimama kila mama alipoanza ubeti.